Hoteli kubwa za Kampala ziwekewe vibao vya historia, au tuwaache wageni walale?

Muulizaji, Wandegeya
Nauliza nikijua litatugawa. Ukiingia Kampala Serena unakuta kila anachotafuta mgeni wa hoteli kubwa: bwawa la kuogelea, spa, mikahawa, bustani pana zenye vidimbwi, na kituo cha mikutano papo hapo. Kituo hicho na hoteli yenyewe vilijengwa kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa Julai 1975, Idi Amin akiwa mwenyeji. Hoteli iliitwa Nile Mansions. Amin akaondolewa 1979, wakubwa wapya wakahamia humo, na wakati wa utawala wa pili wa Obote watu wa usalama wakahoji na kutesa raia katika vyumba vilivyojengwa kulaza mawaziri. Baadaye ikawa Nile Hotel. Mwaka 2004 serikali ikaikodisha kwa Serena, 2006 ikafunguliwa upya, 2007 ikapokea wageni wa CHOGM, mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola.

Leo habari hizo unazipata kwa wazee, si mapokezi. Hoja yangu: hoteli yoyote iliyo mali ya serikali, hata kama imekodishwa, iwekewe kibao kinachotaja majina yote ya jengo, miaka, na yaliyotendeka humo, mazuri na mabaya. Liwe sharti la mkataba. Mwenye hoteli binafsi tumwombe tu.

Mhudumu wa vyumba, Entebbe
Ssebo, umewahi kufanya zamu ya usiku hotelini? Mgeni anapiga simu maji ya moto hayaji, intaneti inakatika, jenereta inamnyima usingizi, shati lake halijarudi kutoka kwa dobi. Sasa umwekee na kibao kinachosema watu waliteswa humu. Swali lake la kwanza litakuwa: chumba kipi? Hatamuuliza meneja. Ataniuliza mimi nikiwa natandika kitanda, au yule binti wa mapokezi aliyemaliza chuo juzi. Nyinyi wenye hoja mtakuwa nyumbani mmelala.

Halafu mbona hoteli tu? Kuna kambi na vituo vingi vya usalama ambako mambo mabaya zaidi yalifanyika. Anzeni huko, hoteli inalisha watu.

Msanifu majengo, Jinja
Mimi naona kibao ni kidogo mno. Nendeni mkaitazame Speke Hotel pale Nile Avenue, ya tangu miaka ya 1920. Fupi, ina kibaraza chenye matao, unakaa kivulini na barabara iko mbele yako. Hakuna kiyoyozi kilichofikiriwa wakati ule. Upepo ndio uliofanya kazi. Kisha pandisha macho kwenye Sheraton. Ule mnara wa zege ni wa miaka ya 1960, nchi ikiwa na uhuru mchanga na ikitaka kuonekana kutoka kila kilima. Ulipewa jina Apolo, la Apolo Milton Obote mwenyewe. Amin alipompindua 1971 ukawa Kampala International, na baadaye Sheraton. Cha kuchekesha ni kwamba kampuni ya serikali inayoumiliki bado inaitwa Apollo Hotel Corporation. Rais alifutwa ukutani akabaki kwenye faili.

Kwa hiyo mimi ningetaka sheria ilinde majengo yenyewe kabla ya maandishi. Ndani badilisheni mtakavyo: lifti, mabomba, gimu, jakuzi. Hakuna atakayelipa bei ya nyota tano aoge kwa ndoo. Ila umbo la nje, vibaraza na namna jengo linavyokaa kilimani visiguswe bila kibali. Tunayo Sheria ya Makumbusho na Minara ya Kumbukumbu ya 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Tatizo letu si kukosa sheria. Mwaka 2011 serikali yenyewe ilitaka kuinua mnara wa ghorofa 60 kwenye kiwanja cha Makumbusho ya Uganda, jengo la msanifu Ernst May la 1954, mpaka wananchi wakaenda mahakamani.

Na kama ni vibao, cha kwanza kiende Shimoni, Kampala. Pale palikuwa na shule ya msingi na chuo cha ualimu. Vikabomolewa 2006 kumpisha mwanamfalme mmoja wa Saudia ajenge hoteli ya CHOGM. CHOGM ikaja ikaondoka, hoteli haikujengwa. Leo pamesimama Kingdom Kampala, ya mwekezaji mwingine kabisa.

Mzee wa Bombo
Wanangu, hamjauliza kibao kitaandikwa na nani.

Sisi Wanubi wa Bombo, ambao watu hutuhesabu watu wa Amin, tunajua jinsi historia ya nchi hii inavyofupishwa. Kibao kikisema tu "enzi za Amin", wajukuu zangu ndio watakaokodolewa macho darasani. Na huyu kijana wa Wandegeya amesema wazi kwamba mateso ya Nile Mansions aliyoyataja ni ya baada ya 1979. Wangapi wanalijua hilo? Watu wakisikia mateso na hoteli, wanajaza jina moja wenyewe.

Kama mnataka kibao, msimpe waziri akiandike, wala kampuni. Iko ripoti ya tume ya Jaji Arthur Oder. Iliundwa 1986, ikasikiliza ushahidi wa kuanzia uhuru 1962 hadi Januari 1986, ikatoa ripoti 1994. Ushahidi uliotolewa pale ndio uwe msingi. Andikeni miaka na idara iliyohusika. Kabila msiandike.

Mwongoza watalii, Mengo
Shikamoo mzee, hapo nakuunga mkono. Kwa dada wa Entebbe: wageni hawakimbii. Mimi nawapeleka Lubiri, kasri la mfalme wa Buganda, kwenye yale mahandaki ya mateso, wanalipa kiingilio, wanatoka kimya, jioni wanarudi kula bafe hotelini. Paris kuna hoteli ya Lutetia. Wakati wa vita idara ya ujasusi ya jeshi la Ujerumani ilikaa humo, na 1945 ikapokea watu waliorudi kutoka kambi za mateso. Kibao kiko ukutani, barabarani, na hoteli bado ni ya matajiri.

Mhudumu wa vyumba, Entebbe
Paris ni Paris. Lakini sawa, tuseme nimekubali. Kiwekwe bustanini, si mlangoni, na wafanyakazi wafundishwe cha kujibu.

Muulizaji, Wandegeya
Bustanini hapana, nyabo. Kufika bustanini unapita geti, unakaguliwa, gari linapitishiwa kioo chini. Mtu wa boda ambaye mjomba wake aliingizwa humo 1983 hatapita pale kwenda kusoma kibao. Kikiwa ndani kitakuwa pambo la wageni. Kiwekwe kwenye ukuta wa nje, upande wa barabara, mtu asome akiwa kwenye foleni ya magari. Mzee, hoja ya ripoti ya Oder naichukua ilivyo. Ni bora kuliko yangu.

Msanifu majengo, Jinja
Basi msubiri mikataba inapojadiliwa upya. Katikati ya mkataba mwekezaji atawaambia hakusaini hilo, na atakuwa na haki. Na Speke je? Ile ni ya mtu binafsi. Mkiishia kwenye kuomba, hoteli kongwe kuliko zote za Kampala tulizozitaja ndiyo itakayobaki bila ulinzi wowote.

Mzee wa Bombo
Kuomba si vibaya. Mwenye mali akiombwa vizuri huona fahari.

Mhudumu wa vyumba, Entebbe
Akiona fahari alipe yeye. Maana nawajua: gharama ya kibao mtaikuta imekatwa kwenye sevisi chaji yetu ya mwisho wa mwezi.