Mjadala: Wachora ramani wa Lubumbashi, tuingie chama cha taifa au tubaki kikundi cha mji?

Mleta hoja (Kamalondo)

Ndugu zangu, jambo hili tumelizungusha kwenye chai mara nyingi, leo naliweka mezani. Sisi tunaojitolea kuchora OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri, hapa mjini, tuwe tawi la chama kimoja cha taifa, chenye sitati (katiba yake) na muhuri na kutambuliwa na wakfu wa OpenStreetMap kule Uingereza? Au tubaki kama tulivyo, watu na simu zao?

Mimi nasema tuingie, na sababu yangu ilizaliwa Katuba, komini ya mji wetu. Tulikuwa wanne, tumeshika ramani zilizochapwa, tunauliza majina ya avenyu. Mama mmoja muuza makala (mkaa) akatuambia avenyu yake ina majina mawili, la kwenye kibao na lile ambalo watu wanaliita, akaanza kutusimulia lilivyobadilika. Hatujamaliza kuandika, shefu wa kartie (kiongozi wa mtaa) huyo hapo. "Muko ba nani? Barua iko wapi?" Barua hatuna, tuna fulana. Tulikaa saa mbili kwenye benchi la biro yake, tukatoka jua limezama, na avenyu ile hadi leo haina jina kwenye ramani. Kijana asiye na barua, anayehesabu nyumba huku akiandika, hapa kwetu anaonekana ametumwa kupima parseli (viwanja) za watu.

Sasa, barua inayoheshimiwa hutoka kwenye asbl (shirika lisilo la faida) yenye hadhi ya kisheria, na kwa sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001 hadhi hiyo hutolewa na Waziri wa Sheria, Kinshasa. Kila mji ukiamua kuifuata peke yake, tutazeekea kwenye korido.

Wa Katuba

Miye niko na swali moja tu, yaya: nani atashika makuta (pesa)?

Mwanafunzi wa zamani (Kasapa)

Yaya, kwa heshima yote, sikubaliani. Tukumbuke mji huu uliingiaje kwenye ramani. Mwaka 2014, mradi wa Missing Maps, wa kuchora maeneo yasiyo kwenye ramani, ulipoanza, Lubumbashi ilikuwa kati ya miji ya kwanza kabisa. Wenzetu walikaa London wakifuatisha nyumba na njia kwenye picha za setilaiti. Lakini setilaiti haioni jina. Majina yaliandikwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi waliotembea kwa miguu na karatasi mkononi, Madaktari Wasio na Mipaka wakiwa nyuma yao kwa sababu ukitaka kufuata kipindupindu lazima ujue mgonjwa anatoka avenyu gani. Hakuna aliyengoja chama cha taifa.

Halafu tuseme wazi kutambuliwa kunaleta nini. Ramani ilianza 2004, wakfu ukasajiliwa 2006, na bodi yake ni watu saba wanaochaguliwa na wanachama, hawalipwi. Chama cha nchi kikitia saini mkataba nao kinapata kutumia jina la OpenStreetMap na kutuma mjumbe kwenye baraza la ushauri. Fedha haziji zenyewe. Wala chama hakipati mamlaka ya kumwambia mtu achore nini. Na kura? Ukichora siku 42 ndani ya mwaka unaweza kuomba uanachama wa wakfu bila kulipa hata franka moja, ukapiga kura wewe mwenyewe ukiwa Kenya (komini yetu, si nchi ya jirani!). Sauti yako haina haja ya kupitia Kinshasa.

Kinshasa yenyewe iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Mkutano wa komite ukipangwa saa mbili za usiku kwao, kwetu ni saa tatu, umeme umeshakwenda, simu ina asilimia tisa. Mara tatu hujatokea, utaambiwa Lubumbashi haina moyo wa kazi.

Wa Himbi, Goma

Kaka wa Kamalondo, barua uliyoikosa wewe Katuba, mimi hapa sitaki kukutwa nayo. Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025, karatasi yenye muhuri wa Kinshasa mfukoni si ngao. Benki nazo zilifunga. Chama cha taifa kikipata msaada kesho, kitanifikishiaje?

Na kuna usiku ambao hauna komite. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka 22 Mei 2021, lava ikashuka upande wa Buhene na kukata barabara ya Rutshuru, kila mtu aliuliza njia ipi bado inapitika. Wakati huo nimwandikie katibu mkuu kuomba ruhusa ya kusema kwa jina la kikundi?

Sikatai chama. Nakataa chama ambacho mimi siwezi kujitenga nacho siku mambo yakiharibika.

Mleta hoja (Kamalondo)

Aksanti, ndugu wa Goma. Hilo la muhuri sikuliwaza kabisa, nimelifikiria kwa kichwa cha mtu wa Lubumbashi tu. Basi kila mji uwe na haki ya kutoka, na ya kusema wakati wa maafa bila kungoja mtu. Hapo nimerudi nyuma.

Lakini wa Kasapa, kutembea na karatasi kulituingiza kwenye ramani, hakutuingizi wizarani. Siku serikali ikitaka kuzungumzia ramani za nchi itamwita nani, wewe na simu yako? Tukikataa kuwemo, atakayeitwa ataitwa bila sisi. Wala si lazima tuanze chama kipya. Italia walitumia Wikimedia Italia, iliyokuwepo tayari. Ujerumani ni FOSSGIS, watu wa programu huria za ramani. Kwa hiyo hata hapa, asbl yenye karatasi zake inaweza kutubeba tukijadiliana nayo vizuri.

Na makuta, wa Katuba: kila mji ushike ya kwake, saini tatu, daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi.

Wa Katuba

Saini tatu ni sawa. Avenyu ile ya mama wa makala iko nyuma ya kwetu, na shefu ule alishabadilishwa. Jumamosi mukuje na karatasi. Barua nitaandika miye.