Setilaiti ya Dunia kuipeleka Mirihi: akili au ubahili?

Msumeno: Wakuu, jana barazani Chumbageni tumebishana hadi kahawa ikapoa. Mars Observer ya Marekani iliundwa kwa bodi ya setilaiti za kuzunguka Dunia, ati kubana matumizi. Ikarushwa 1992. Agosti 1993, siku tatu kabla ya kuanza kuizunguka Mirihi, kimya. Dola zaidi ya milioni 800! Chombo cha sayari kiundwe upya. Bajaji ya Raskazone huipeleki Dodoma.

Dereva Ngamiani: Bajaji imekukosea nini? Mimi nimempeleka bibi harusi kutoka Pongwe hadi Muheza kwenye mvua, kafika na hina yake. Halafu bajaji ni ya Wahindi, na Wahindi si ndio waliofika Mirihi kwa setilaiti ya kubadilisha?

Fundi Spea: Hapo umegonga. Mangalyaan, Septemba 2014, kama dola milioni 74. Bodi ni ile ya setilaiti yao ya hali ya hewa, Kalpana-1. Ila injini ingelala siku 300 hivi, kwa hiyo waliongeza vali na njia ya pili ya mafuta. Vali za Observer zilikuwa za injini inayowashwa siku chache baada ya kuruka. Inadhaniwa mvuke ulivuja miezi 11, bomba likapasuka. Bodi haina kosa.

Msumeno: "Inadhaniwa." Nani alikwenda kufungua?

Fundi Spea: Na wewe uliyesema ubahili, ulifungua?

Binti Makorora: Dereva aseme kwanza kwa nini usiku nauli ya Makorora inapanda mara mbili. Wenzake wanabana hadi Mirihi!

Dereva Ngamiani: Dada yangu, usiku narudi mtupu. Mangalyaan yenyewe haikurudi.

Msumeno: Turudi kwenye mada. Sikusema isibadilishwe kabisa, nimesema isibadilishwe kwa pupa.

Fundi Spea: Umesema "kiundwe upya". Panda juu usome.

Mmalindi: Mambo ya setilaiti tuulizeni sisi. Uhuru, Desemba 1970, iliruka baharini kwetu. Tanga mmerusha nini?

Barabara ya 12: Waliorusha Waitaliano, setilaiti ya Wamarekani. Nyie mlitoa jina.

Mmalindi: Jina si haba. Yenu inaitwaje?