Lisbon mara ya kwanza: nilale Alfama au Baixa?

Mkunazini
Habari zenu wakuu. Nakwenda Lisbon kwa mara ya kwanza, imebaki kulipia pa kulala tu. Nimepata chumba mtaa wa Alfama na kingine mtaa wa Baixa, bei hazipishani sana. Nishike kipi?

Bint_Kisauni
Salama. Mwezi gani? Uko peke yako au na familia? Mizigo je? Bila hayo tutabahatisha tu.

MtuWaReli
Baixa. Tetemeko la Novemba 1755 liliibomoa, ikajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka, na ni tambarare. Kutoka uwanja wa ndege unapanda metro, treni ya chini ya ardhi, ya mstari mwekundu, unabadilisha kituo cha Alameda, wa kijani unakushusha Rossio, hapo hapo Baixa.

Abu Salma
Baixa ni maduka na watalii. Alfama ilinusurika tetemeko lile. Mtu wa Mji Mkongwe akiingia vichochoro vyake atajiona kwao, nguo zimeanikwa madirishani, majirani wanapiga soga dirisha kwa dirisha.

Bint_Kisauni
Kaka Abu, vichochoro hivyo vilinitoa machozi. Nilipanga nyumba Alfama, niko na mama ambaye magoti yanamsumbua. Tangazo lilisema karibu na kituo, ngazi hazikutajwa. Teksi ikatuacha chini, gari halipiti. Mvua inanyesha, yale mawe meupe ya njiani yanateleza kama sabuni, begi likang'oka gurudumu nikajitwisha kichwani. Kufika, funguo zimo kwenye kisanduku cha namba, namba tuliyotumiwa haifungui, mwenye nyumba hapokei simu. Bibi mmoja jirani ndiye aliyetutolea viti tukae.

MtuWaReli
Na tramu namba 28, treni ndogo ya barabarani, msiitegemee kwa mizigo. Inajaa, na wezi wa mifukoni wamo humo.

Mkunazini
Samahani, ni Machi. Niko na mke wangu, ana mimba ya miezi mitano. Mabegi mawili. Nataka sana kuona kaburi la Vasco da Gama pale monasteri ya Jerónimos, mtaa wa Belém.

Kilwa_Masoko
Kaburi la nini, ndugu yangu? Mwaka 1502 mtu huyo alimtisha mtawala wa Kilwa kwa mizinga hadi akatoa dhahabu. Mwaka 1505 Wareno wenzake wakaipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Tafuta Custódia de Belém, chombo cha ibada kilichofuliwa 1506 kwa dhahabu ile ile ya Kilwa. Ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, ila hakikisha kwanza kama pako wazi.

Abu Salma
Mbona Fort Jesus twapiga picha kila siku, na walioijenga ni haohao? Mkuu, Belém panda tramu namba 15, na usiende Jumatatu, Jerónimos hufungwa.

Kilwa_Masoko
Fort Jesus walitolewa 1698, baada ya kuzingirwa zaidi ya miaka miwili. Kaburi lile ni heshima wanayompa. Si sawa hata kidogo.

Bint_Kisauni
Jamani, mke ni mjamzito! Baixa, na uulize lifti, majengo mengi ya zamani hayana.

Mkunazini
Shukrani dada. Mke wangu mwenyewe kaona picha za Alfama, haambiliki. Kuna chumba kingine karibu na stesheni ya Santa Apolónia, chini kabisa ya Alfama. Nani anapajua?

MtuWaReli
Metro ipo hapo, mstari wa buluu. Chumba kiko ghorofa ya ngapi?