Baba alikuwa mkali, uzeeni amepoa na kijiwe ameacha. Ni kawaida?

BintiMakorora: Wadau, naombeni mawazo. Baba yangu alikuwa kuli bandarini hapa Tanga. Utotoni kwetu, akikohoa tu mlangoni kila mtu anashika daftari. Leo mjukuu anamvua kofia, anampiga nayo, yeye anacheka. Hilo silalamiki. Kinachonitatiza ni kijiwe. Zamani baada ya alasiri hakosi Ngamiani, kahawa na bao. Sasa haendi. Wamebaki rafiki zake wawili, wanamfuata barazani, wanamenya machungwa ya Muheza mpaka magharibi. Mama anasema uzee. Shangazi, kama kawaida yake, anasema karogwa.

MgosiChumbageni: Tabia ni ngozi, dada. Mzee alikuwa mpole tangu zamani, ule ukali ulikuwa wa kuwalea nyie. Mtu akishavuka thelathini habadiliki.

MwalimuMstaafu: Mgosi, hilo la thelathini hata William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandika mwaka 1890, kwamba tabia ya mtu ikifika hapo imeshaganda kama plasta. Waliokuja kuwafuatilia watu wale wale miaka na miaka waliona vingine. Mwaka 2006 mtafiti Brent Roberts na wenzake walijumlisha matokeo ya makundi 92 ya watu waliofuatiliwa hivyo: kwa wastani watu huzidi kutulia moyo na kujali wajibu, hasa kati ya miaka 20 na 40. Upole ndio ulichelewa, ulipanda wazi kwenye miaka ya 50. Ila hujakosea kabisa. Aliyewazidi wenzake ukali ujanani, mara nyingi uzeeni bado anawazidi. Wamepoa wote tu.

Mwanangu BintiMakorora, la kijiwe ni jingine. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford anaeleza kwamba mtu akiona muda uliobaki ni mfupi, huwapunguza wa kujuana tu na kubaki na wa moyoni. Hata vijana wenye maradhi mazito huchagua hivyo hivyo, kwa hiyo si miaka peke yake. Mimi mwenyewe harusi siku hizi natuma mchango, nakaa nyumbani. Raha tupu! Ningeshtuka kama hao wawili nao angekuwa anawakimbia, au chakula kimemshinda. Anakula? Analala? Anasikia vizuri?

BintiMakorora: Shikamoo mwalimu. Anakula, na usingizi anao mpaka mwadhini amwamshe. Kusikia… sasa umenigutusha. Wakizungumza wote kwa pamoja anakaa kimya, anatabasamu tu. Na yule rafiki yake mmoja huwa anamsogelea sikio la kulia.

MwalimuMstaafu: Marahaba. Basi anzia hapo. Kijiweni watu kumi wanasema kwa mpigo, kete zinagonga, bodaboda zinapita. Asiyesikia vizuri atachoka aache kwenda. Mpeleke hospitali ya Bombo wamchungulie masikio, wakati mwingine ni nta tu. Na usimwambie ni uzee, atagoma kwenda.

MgosiChumbageni: Na shangazi asijue mpaka mrudi.