Mawe makavu ya tangi la maji ya chumvi, nayaandaaje?

ntinda_tanki
Wakubwa habari zenu. Niko na tangi la lita 200 hapa Ntinda nataka niligeuze la maji ya chumvi, sasa kuna mzee aliyeacha mambo ya samaki ameniuzia mawe yake ya matumbawe, kama kilo 15 hivi, yamekaa stoo miaka mingi yamekauka kabisa. Kwa macho ni meupe safi ila ndani ya matundu kuna vitu vyeusi vimegandamana na ukiyamwagia maji yanatoa harufu. Je nisugue tu kwa brashi niweke ama kuna dawa? Alafu naona kama hayatoshi, nilikuwa nawaza niongezee mawe ya chokaa ya Tororo, si ndio yale ya simenti? Nisaidieni kabla sijanunua chumvi manake bei yake inauma.

Mama_Kasa
Usiyaweke hivyo hivyo ndugu yangu. Hivyo vyeusi ni sponji, minyoo na mwani vilivyofia humo, vikilowa vinaoza upya na amonia, sumu ya samaki, inapanda. Chokoa kwanza kwa brashi ngumu na bisibisi, halafu loweka kwenye pipa la plastiki, maji sehemu kumi kwa Jik sehemu moja, ile isiyo na manukato, siku moja mpaka tatu, na uweke pampu izungushe la sivyo dawa haifiki ndani ya matundu. Suuza sana, loweka tena na dawa ya kuondoa klorini ile ya samaki, kisha anika juani yakauke mpaka ndani. Bado yananuka Jik? Rudia kusuuza.

Tororo hapana, tafadhali. Ule ni mwamba wa volkano, na vilima vya Sukulu hapo hapo jirani vinajulikana kwa fosfeti ya mbolea, mwani utakushukuru wewe utalia. Kilo 15 zinatosha kama yana matundu mengi.

jinja_matumbawe
Mama Kasa amesema kweli ila Jik inamaliza uozo tu, fosfeti iliyoingia kwenye jiwe lenyewe inabaki. Matumbawe ni kalisiamu kaboneti, inashika fosfeti ikizidi majini na kuiachia maji yakiwa safi, ndio maana mtu anabadilisha maji leo kipimo kinasoma sifuri wiki ijayo imerudi. Wengine wanatumia asidi ya haidrokloriki ile ya hadiwea kula ngozi ya juu ya jiwe, inasaidia, lakini nyumba yenye watoto mimi siikubali. Ukiamua, fanyia nje, vaa glavu na miwani, asidi ndio inamiminwa kwenye maji sio maji kwenye asidi, na jiwe lisiwe na hata tone la Jik kwa sababu zikikutana zinatoa gesi ya klorini na hio inaua mtu.

Mimi napenda pipa na subira. Maji ya chumvi yenye uzito 1.025 ukilinganisha na maji matupu, hita nyuzi 25 au 26, pampu, funika giza mwani usiote, pima fosfeti kila wiki ubadilishe maji ikipanda. Ikikaa chini ya 0.1 mg kwa lita bila kurudi, jiwe liko tayari. Inaweza kula mwezi au miwili, wacha ile.

ntinda_tanki
Asanteni sana aki. Mawili tu: chumvi ya Katwe haiwezi kutumika kupunguza gharama? Na umeme ukikatika pipa litaharibika?

Mama_Kasa
Ya Katwe ni ya ziwa la volkano, imejaa salfeti na kaboneti, kalisiamu na magnesiamu ya bahari haina, hata kwa pipa usiitumie. Umeme ukipotea masaa machache mawe hayadhuriki, hakuna samaki humo, ila bakteria wanaokula amonia wakishaanza tafuta pampu ya hewa ya betri. Maji ya bomba pitisha kwenye chujio la RO (reverse osmosis, linalosukuma maji kwenye utando mwembamba), yana klorini.

Na bakteria lazima uwaanzishe mwenyewe kwa sababu Jik imeua wote: weka bakteria wa chupa, tia amonia isiyo na sabuni mpaka 2 mg kwa lita. Siku amonia na naitraiti (sumu ambayo bakteria wanageuza amonia kuwa) zote zitakaposoma sifuri ndani ya masaa 24 baada ya kuitia, badilisha maji mengi uweke samaki mmoja, mmoja tu kwanza.