Fundi aliyekula advansi yangu nasikia amefilisika. Jalada lake nalipata wapi? (Dallas, Texas)

MamaJiko_DFW

Wakuu habari za leo. Naombeni msaada, nimekwama.

Mwezi wa tano nilimpa fundi dola 2,800, advansi ya makabati ya jikoni. Alikuja akapima, akanionyesha picha za makabati meupe nikayapenda, akaondoka. Tangu hapo ni leo kesho, mara gari bovu, mwishowe simu haipokelewi kabisa. Wiki iliyopita jirani aliyenielekeza kwake akaniambia, "Yule mbona kashatangaza kufilisika mahakamani." Sijapata barua yoyote.

Nimeingia kwenye tovuti ya mahakama ya kaunti ya Dallas, nikaandika jina lake mbele na nyuma, hakuna kitu. Kesi za kufilisika si huwa wazi kwa umma? Au jirani kanidanganya? Na nikilipata hilo jalada nitalielewa kweli, mimi ambaye hata mkataba wa nyumba nilisomewa na mwanangu?

---

Ngosha wa Garland

Pole dada. Ushauri wangu mfupi: nenda kwake asubuhi na mapema kabla hajatoka, kaa mlangoni mpaka pesa itoke. Hawa watu dawa yao ni aibu.

---

KaraniMstaafu

Ngosha, huo ushauri utamponza dada wa watu. Nitaurudia.

Dada, jirani huenda kasema kweli ila wewe umebisha hodi mlango usio wake. Marekani kufilisika ni jambo la serikali kuu, si la kaunti wala jimbo. Kuna mahakama maalumu za kufilisika, na zimegawanywa kwa wilaya za mahakama za shirikisho. Texas ina nne: Kaskazini, Kusini, Mashariki na Magharibi. Tovuti ya kaunti ungeitafuta mpaka macho yaote kutu.

Njia za kupata kumbukumbu ni tatu. Ya kwanza ni PACER, mfumo wa mtandaoni wa mahakama za shirikisho. Unafungua akaunti, unatafuta kwa jina. Wanatoza senti 10 kwa ukurasa, na waraka mmoja hauzidi dola 3 hata uwe mrefu vipi. Matumizi yako yasipozidi dola 30 kwa robo mwaka, hulipi hata senti. Angalizo: kurasa za matokeo ya utafutaji nazo zinahesabiwa, na huko hakuna kikomo cha dola 3. Ukiandika jina la ukoo peke yake, tena la kawaida, utaletewa mlolongo wa watu na kila ukurasa una bei yake.

Ya pili ni simu. Piga 866-222-8029, ni bure, mashine inakusomea namba ya shauri, tarehe ya kufunguliwa, jina la wakili na la mfilisi, yaani msimamizi wa mali za aliyefilisika. Nyaraka zenyewe hupati, ila kwa kujua kama kesi ipo au haipo, inatosha.

Ya tatu, nenda masijala ya mahakama yenyewe. Kuna kompyuta za umma, kusoma ni bure, unalipia ukichapa. Makarani watakuonyesha namna ya kutafuta, lakini usiwaulize "nifanyeje?" Kisheria hawaruhusiwi kukushauri, usije ukadhani wanakuringia.

Fundi anaishi wapi?

---

MamaJiko_DFW

Anaishi Plano. Nusu saa tu kutoka kwangu.

---

KaraniMstaafu

Hapo ndipo penye mtego. Dallas iko Wilaya ya Kaskazini. Plano iko kaunti ya Collin, na Collin ni Wilaya ya Mashariki. Kinachoangaliwa ni makao ya anayefilisika au mahali biashara yake ilipo, si anakoishi anayemdai. Tafuta Mashariki. Au tumia kile kitafutio cha PACER cha nchi nzima, kinapekua wilaya zote kwa mpigo. Na tafuta mara mbili: jina lake mwenyewe, halafu jina la kampuni. Hao ni watu wawili tofauti mbele ya sheria.

---

Mtoto wa Mjini

Samahani kuingilia uzi. Kwa hiyo naweza kumpekua mchumba kabla sijapeleka mahari? 😂

---

Dada Tulizo

@Mtoto wa Mjini unaweza, na wakwe zako wanaweza kukupekua wewe.

Naomba niseme jambo, maana mimi nimepita huko. Nilifungua Sura ya 7, ile ya kufilisika ambapo mali huuzwa wadai wagawiwe na madeni husamehewa, miaka kadhaa nyuma baada ya bili za hospitali. Jalada langu lina kila kitu: mshahara, matumizi ya chakula, gari, mpaka samani za sebuleni. Mtu yeyote anaweza kulisoma. Namba ya hifadhi ya jamii huonekana tarakimu nne za mwisho tu, watoto huandikwa herufi za mwanzo za majina, lakini mengine yote yako uchi. Dada MamaJiko, lisome jalada upate haki yako, ni sawa kabisa. Ila jina lake usilete hapa wala kwenye magrupu ya WhatsApp. Kufilisika si wizi. Inawezekana ni tapeli, inawezekana pia kazi zilimwangukia. Jalada litakusaidia kujua.

---

MamaJiko_DFW

Nimerudi. Nimelipata! Wilaya ya Mashariki, kama Karani alivyosema. Kulikuwa na watu wawili wenye jina lake, nimemtambua kwa anwani. Ni jina lake binafsi, kampuni haimo. Sura ya 7. Kuna orodha ndefu ya tarehe na vichwa vya habari, kila kimoja unabonyeza. Imeandikwa "hakuna mali". Kuna mkutano wa wadai uliopangwa wiki tatu zilizopita. Nimechanganyikiwa. Ina maana hela yangu imekwenda na maji?

---

KaraniMstaafu

Hongera, nusu ya safari hiyo. Ile orodha ndefu ndiyo mwenendo wa shauri, kila kilichowasilishwa mahakamani kwa tarehe yake. Huna haja ya kuisoma yote. Fungua vitu vitatu: maombi yenyewe, majedwali, na taarifa iliyotumwa kwa wadai.

Kwenye majedwali, E/F ni la madeni yasiyo na dhamana. Jitafute humo. Kama umo, angalia anwani waliyoandika. Jedwali A/B ni la mali zake. Lisome polepole, hata vitu vidogo.

"Hakuna mali" maana yake kwa sasa mfilisi haoni cha kuuza agawie wadai, kwa hiyo mnaambiwa msilete madai kwanza. Ikigundulika mali baadaye, mtatumiwa taarifa yenye siku ya mwisho. Ikifika hapo, fomu ya madai ni namba 410, kuwasilisha hulipi. Na usisahau hili: mtu binafsi aliyelipa advansi ya bidhaa au huduma ya nyumbani asipewe, deni lake linatangulia madeni ya kawaida, hadi dola 3,800 kwa kesi zilizofunguliwa kuanzia Aprili 2025. Yako 2,800 inaingia yote. Kwenye fomu kuna kisanduku chake, kitie alama.

Sasa Ngosha. Kesi ikishafunguliwa, zuio linaanza papo hapo. Mdai haruhusiwi kupiga simu za kudai, kutuma meseji za vitisho, wala kukaa mlangoni kwa mtu. Ukifanya hivyo, wewe ndiye utakayeitwa mbele ya jaji.

---

Ngosha wa Garland

Nimenyoosha mikono mzee wangu. Ila swali: kama kampuni haimo kwenye kesi, na mkataba ni wa kampuni?

---

KaraniMstaafu

Swali zuri kuliko ushauri wako wa kwanza. Zuio linamlinda aliyefungua. Kampuni ikiwa imesajiliwa peke yake na haikufungua, kwa kawaida inaweza kushtakiwa. Texas kuna mahakama za madai madogo, hadi dola 20,000, huhitaji wakili. Tatizo ni kwamba kampuni za namna hii mara nyingi ni muhuri na kadi za biashara tu. Hukumu unaipata, pesa huioni. Aangalie kwanza mkataba umesainiwa kwa jina gani, na hundi iliandikwa kwa nani.

---

Dada Tulizo

Mimi niongeze kuhusu tarehe, maana hapo wengi huachwa na gari. Watu husoma "kesi imefungwa" wakadhani habari imeisha. Inategemea imefungwaje. Kama mahakama imemsamehe madeni, huwezi kumdai tena. Kama shauri lilitupwa, labda hakuleta nyaraka, basi madeni yake yako palepale na unaweza kuendelea naye.

Na kama unaamini alichukua pesa akijua hatafanya kazi, unatakiwa upinge deni lako kusamehewa ndani ya siku 60 tangu tarehe ya kwanza iliyopangwa ya mkutano wa wadai. Wiki tatu zimeshapita, una siku 39 hivi. Hiyo ni kesi ndani ya kesi, usiende bila wakili. Kuna vituo vya msaada wa sheria vya bure, anza huko.

---

MamaJiko_DFW

Asanteni sana wote. Gharama yote mpaka sasa dola 6 na senti kidogo, kwa hiyo sitalipa. Wakili wa msaada wa sheria nimepangiwa Alhamisi.

Nimo kwenye E/F. Anwani ni ya apatimenti niliyohama mwaka juzi, ndiyo maana barua haikufika. Tena kaniweka kwenye madeni ya kawaida, kiasi "hakijulikani". Hakijulikani! Risiti kaisaini mwenyewe.

Halafu nikasoma A/B polepole kama Karani alivyosema. Kuna vifaa vya kazi, kuna gari la mizigo la zamani. Mstari wa chini yake: makabati 14 ya jikoni, meupe, mapya, hayajafungwa, yako gereji. Thamani dola 400.

Jiko langu linahitaji makabati 14. Nimekaa natazama skrini tu. Niende na mwanangu na gari?

---

KaraniMstaafu

Usiende! Wala usimpigie. Kilichomo kwenye jedwali kiko mikononi mwa mfilisi mpaka aseme vinginevyo, hata kama ni chako. Jina la mfilisi na simu yake viko juu kabisa ya ile orodha ya mwenendo. Mwandikie leo, ambatisha mkataba, risiti na vipimo vya jiko. Alhamisi mpe wakili nakala. Na anwani yako mpya ipeleke masijala kwa maandishi.

---

MamaJiko_DFW

Naandika sasa hivi. Vipimo ninavyo, alivichora mwenyewe nyuma ya risiti.