Mume anakaribia kustaafu, mimi sijazaa bado. Nizae naye?

FundiCherehani
Habari zenu wadau. Nina miaka 36, nashona nguo Ngamiani hapa Tanga. Mume wangu ana 57, mhasibu wa halmashauri, kabakiza mitatu afike 60 astaafu. Alifiwa na mkewe kabla hajanioa. Watoto wake ni watatu, wa mwisho yuko chuo, wananiita mama mdogo na hatuna ugomvi.

Nikimgusia habari ya mtoto anasema, "Mimi sikukatazi." Halafu anafungua redio. Sasa "sikukatazi" ndiyo nini jamani?

Jumamosi nikifagia stoo nimekuta baiskeli ya magurudumu matatu ya yule kitindamimba, imefungwa kwenye kiroba, mnyororo umepakwa grisi. Nikamuuliza, unamtunzia nani? "Wajukuu." Siku hiyo nilikosea kukata kitambaa cha mteja mara mbili.

Nikipata mwakani, mtoto akianza darasa la kwanza baba yake ana 64. Shoga yangu ananiambia nizae haraka nipate fungu la urithi. Hilo silo linaloniuma. Nishaurini.

MtotoWaUzeeni
Mimi nilizaliwa baba ana 61. Kikao cha wazazi, mwalimu akamwambia, "Babu, karibu kiti." Niliona aibu, na leo naionea aibu ile aibu. Lakini darasani kwetu ni mimi tu niliyesindikizwa na baba kila asubuhi, maana hakuwa na kazi ya kuwahi. Alifariki nikiwa kidato cha pili. Ada alimalizia kaka mkubwa, kwa sababu mzee alimwita mapema wakakubaliana mbele ya mama. Dada, hao watatu waambieni kabla ya mimba. Wasije wakaliona tumbo ndipo wakajua.

MkungaMstaafu
Mwanangu, umehesabu miaka yake, hesabu na yako. Ukishavuka 35 mimba hushika kwa taabu zaidi, na presha na kisukari cha mimba huwa karibu zaidi. Mbegu za mwanamume nazo huchoka, ila hazikomi kama mayai yetu. Kapimeni wote wawili. Wazee hawa hupenda kumtanguliza mke, wao wakabaki nyumbani. Mkijaribu miezi sita bila kitu, rudini hospitali, msisubiri mwaka.

Pweza_wa_Deep_Sea
Shoga yako kakupotosha. Kama ninyi ni Waislamu, fungu lako ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane, kwa sababu mzee tayari ana watoto. Uzae usizae, halipandi. Mtoto atakuwa na lake. Robo ni ya mke ambaye mumewe hakuacha mtoto kabisa.
Na hiyo "sikukatazi", mimi mwanaume nakwambia, si ndiyo. Muulize redio ikiwa imezimwa.

FundiCherehani
Asanteni. Shikamoo mama mkunga.
Jana nimemuuliza: unataka, au unaniachia tu? Kanyamaza mpaka chai ikapoa. Akasema wale watatu walimzika mama yao wakiwa wadogo, usiku ule yeye ndiye aliyewavua viatu mmoja mmoja, na mdogo alikataa kuvuliwa. Anaogopa safari hii atakayelazwa kaburini ni yeye, na viatu nitavivua mimi.
Hakusema ndiyo. Ila ameomba ruhusa kazini, Jumatatu tunakwenda kupima wote wawili.